Malati Sabnis na Nyuki wa Tulsikhed

Waman, mwenye nyumba ya wageni iliyo jirani na stendi ya mabasi ya Tulsikhed, alimpandisha na kumshusha kwa macho yule mama aliyesimama mbele ya meza yake. Kisha akachungulia barabarani kuona kama kuna mtu anayeteremsha mizigo. Hakukuwa na mtu.

"Wenzako wako wapi, dada?"

"Sina wenzangu."

"Mzee anakuja nyuma?"

"Hakuna mzee. Hakuna mtoto, hakuna mkwe, hakuna mtu anayekuja nyuma. Nataka chumba."

Waman akajikuna shingo. Alieleza, kwa sauti ya mtu anayetoa pole, kwamba mwanamke kulala peke yake lojini ni jambo gumu kidogo. Watu wana midomo. Halafu kuna suala lingine: mwaka juzi alikuja mgeni mmoja peke yake, mpole, hana neno, akajinyonga kwenye feni, na polisi wakamwandama Waman hadi akakonda.

Malati Sabnis akainua macho akaitazama feni ya pale ukumbini, ambayo ilikuwa na mapanga mawili badala ya matatu na haikuwa imesogea tangu aingie.

"Kwa feni hizi?" akasema. "Mtu akitaka kufia hapa itabidi aite fundi kwanza."

Akapewa chumba kilicho ubavuni mwa jiko. Alipoingia, jambo la kwanza lilikuwa kuyavua mashuka ya Waman kwa ncha za vidole viwili na kuyatupa juu ya kiti, akatandika shuka lake mwenyewe, la pamba nzito, pana kama tanga, alilokuwa akisafiri nalo kila mahali. Mashuka ya lojini alikuwa hayaamini, kama asivyowaamini wenye lojini.

Kusema kweli hakuwa akiamini mtu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpiga chapa mahakamani, anakaa chini ya kizimba na mashine yake, anayachapa maneno ya mashahidi jinsi yanavyotoka. Aliwachapa waume walioapa kwa vichwa vya watoto wao kwamba hawakuinua mkono. Aliwachapa ndugu walioapa kwamba shamba halikuwa la marehemu. Alipostaafu, vidole vilikuwa vimepinda kidogo na masikio yalikuwa yamejifunza jambo moja tu, kuusikia uongo kabla haujamaliza kutoka mdomoni.

Hakuolewa. Alipokuwa msichana kule Nashik waliletwa wachumba nyumbani kumtazama, kama ilivyo kawaida, na wa mwisho alikuja na mama yake. Yule mama akakaa, akanywa chai, akasema, "Hebu binti atembee hadi mlangoni na kurudi, tuone kama hachechemei." Malati akatembea hadi mlangoni na kurudi. Kisha akamgeukia kijana mwenyewe, aliyekuwa akitafuna bajia, akamwambia, "Na wewe sasa. Nenda mlangoni urudi, tukuone." Bajia ikamkwama kooni. Mama yake akaweka kikombe chini, na habari ya ulimi wa binti wa Sabnis ikazunguka ukoo mzima, na baada ya hapo hakuna aliyekuja tena kunywa chai kwa shughuli hiyo.

Akabaki nyumbani kwa kaka yake. Huko ndiko alikoanzia kuzunguka mahekalu ya kale, na alianza kwa bahati mbaya. Kaka yake aliikusanya familia ndani ya gari la kukodi waende kuhiji, wakazozana njia nzima, nani akae dirishani, nani amesahau achari, nani ametapika kwenye mkoba wa nani. Walipofika kwenye hekalu la kale walikaa mlangoni wakala, wakapiga picha, wakazozana tena. Malati akawaacha, akaingia peke yake. Mle ndani kulikuwa na nguzo, ubaridi, na miungu ya mawe iliyovunjika pua, na hakuna aliyemwuliza kitu. Alitoka jioni amechelewesha gari, akatukanwa vizuri, akayasikia matusi yote kama mvua ya nyumba ya jirani. Tangu mwaka ule, kila majira ya baridi, alifunga mkoba wake akaondoka peke yake: pango, hekalu, gofu la watawa wa Buddha, chochote kilichochongwa na watu wa zamani. Hakwenda kuomba. Kaka yake alipomwuliza basi anafuata nini, alijibu kwamba anafuata mahali ambapo hatamsikia yeye.

Asubuhi akalikunja shuka lake, akalitia mkobani, akapanda hadi mapangoni. Mapango ya Tulsikhed yamechongwa kwenye genge moja refu, ya watawa wa Buddha upande huu na ya Shiva upande ule, na juu yake, chini ya ukingo wa mwamba, yananing'inia masega ya nyuki wa porini, meusi, makubwa kama milango. Kibao pale getini kinasema usipige kelele, usiwashe moto, usirushe kitu. Watu hupiga picha na kibao hicho huku wakipiga kelele.

Mbele yake kulikuwa na kundi la familia moja kutoka Surat, watu kumi na zaidi, wameajiri mwongoza wageni aitwaye Pandurang, mtu wa makamo mwenye miwani nyeusi aliyoivaa hata ndani ya pango. Malati alijaribu kuwapita, hakufanikiwa. Walijaa njia nzima kama mifugo.

"Hapa, mabwana na mabibi," Pandurang akatangaza mbele ya sanamu ya Shiva anayecheza, "mchongaji alipomaliza, mfalme akamkata mikono yote miwili, asije akachonga nyingine nzuri kama hii."

Familia ikaguna kwa huruma. Malati akasonya, msonyo mrefu, ukapiga ukuta ukarudi.

"Kila jengo la nchi hii lina mfalme aliyekata mikono ya fundi," akasema. "Hao wafalme hawakuwa na kazi nyingine?"

Pandurang akavua miwani. "Mama mdogo, wewe uko na kundi gani?"

"Silo lako."

Baadaye, familia ilipotawanyika kupiga picha, Pandurang alimfuata akamwambia kwa sauti ya chini, bila hasira, "Mama mdogo, unaniharibia. Hawa hawajatoka Surat kuja kusikia 'hatujui nani alichonga.' Wakitaka 'hatujui' wanayo tele nyumbani."

"Kwa hiyo unawapigia fiksi."

"Nawapa wanachokitaka, wanafurahi. Wewe ukiwaambia ukweli wanafurahi?"

Malati akamtazama kama alivyokuwa akiwatazama mashahidi wanaotabasamu. "Toka mbele yangu, unazuia mwanga," akasema.

Lakini aliyemchosha zaidi asubuhi ile hakuwa Pandurang. Alikuwa mama mkuu wa ile familia, Ramilaben, mjane mnene mwenye magoti mabovu, aliyejipa kazi ya kumhoji. Kila Malati alipotulia mbele ya sanamu, alisikia pumzi nyuma yake.

"Dada, uko peke yako? Peke yako kabisa?"

"Kabisa."

"Na mume?"

"Hakuwahi kuwepo."

"Shiva! Na watoto? Huna hata mmoja? Sasa ukiugua nani anakupa maji?"

"Nakunywa mwenyewe. Mdomo ninao."

"Maskini dada," Ramilaben akasema, na machozi ya kweli yakamlengalenga. "Mimi Mungu amenijalia. Tazama, wote hawa wangu." Akawaonyesha kwa mkono, mwanawe Ketan, mkwe wake, wajukuu, binamu, wote wamemgeuzia mgongo.

Malati aliichukia huruma ile kuliko alivyomchukia Waman na feni zake. Dharau ya mtu unaweza kumrudishia. Huruma inakushika kama utomvu. Akaondoka bila kuaga, akavuka hadi upande wa watawa, kwenye pango la mwisho, ambalo familia za aina hiyo huliacha kwa sababu halina kitu cha kuchekesha. Ukumbi mtupu, Buddha mmoja mkubwa ameketi na miguu chini kama mtu aliye kitini, na pembeni vyumba vidogo vya watawa, kila kimoja na kitanda cha jiwe. Ukutani mtu alikuwa amekwaruza "Sunil na Pinki" ndani ya moyo. Malati akawatakia Sunil na Pinki ndoa ndefu yenye mama mkwe ndani, kisha akaketi sakafuni mbele ya Buddha, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukalegea.

Hakukaa sana. Akasikia mvumo nje, mwembamba, kama wa cherehani. Akatoka hadi mlangoni. Ketan alikuwa amesimama uwanjani na kidude mkononi, amerusha kamera yake yenye mabawa, inapanda usawa wa genge. Pandurang, aliyejua kibao kinasema nini, alikuwa ameugeuza uso wake upande wa mto kama mtu aliyeona ndege wa ajabu huko.

"Wewe! Shusha hicho kitu!" Malati akapiga kelele.

"Shangazi, dakika moja tu, napata mandhari!" Ketan akajibu bila kumtazama.

Kamera ikayumba kwa upepo, ikaenda ikaligonga sega.

Sega lile halikuanguka. Lilifunguka tu. Weusi wake ulichubuka ukageuka moshi, na moshi ule ukateremka ukiunguruma. Wa kwanza kukimbia alikuwa Pandurang. Miwani ilimtoka, hakuirudia. Nyuma yake mkwe, nyuma ya mkwe Ketan, kisha binamu na wajukuu wakiburutwa mikono, viatu vikibaki njiani, wote wakielekea getini kwenye magari. Kwa muda mfupi sana uwanja ukawa mtupu.

Mtupu isipokuwa Ramilaben. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za pango la kati kupumzisha magoti. Alijaribu kusimama, akashindwa, akajaribu tena. Nyuki walikuwa wameshaingia kwenye nywele zake. Alikuwa akiita, "Ketan! Mwanangu Ketan!" akijipiga usoni kwa viganja, na kujipiga kule kulizidi kuwaita.

Malati alisimama mlangoni mwa pango lake, salama kabisa, akimtazama. Wazo lililomjia halikuwa zuri, na hakuwahi kulikana baadaye. Aliwaza: haya, mwite basi, si Mungu amekujalia.

Kisha akafungua mkoba, akachomoa lile shuka, akajitupia kichwani, akatoka.

Alipigwa kope, mdomo, shingo, mikono. Alipofika alimfunika yule mama, akamkamata kwapani, akamvuta kama gunia la unga, wakajikokota wakianguka hadi kwenye kimoja cha vyumba vile vya watawa, pembe ya giza kabisa, na kule wakajibana juu ya kitanda cha jiwe, shuka limefungwa pande zote chini ya miili yao. Nyuki waliokuwa wameingia nao aliwaua mmoja mmoja kwa kidole gumba.

"Mungu wangu, Mungu wangu, Mungu wangu—"

"Nyamaza. Unawaita."

Ramilaben akashusha sauti. "Ketan wangu yuko wapi?"

"Nimemwona. Anakimbia vizuri sana. Umemlea akawa na miguu imara."

"Na mkwe wangu?"

"Alikuwa anamzidi."

Juu ya shuka walisikia kugongagonga, kama mchanga unaomwagwa. Malati alifikiri yule mama anaanza kulia, maana mwili wote ule ulikuwa unatikisika. Kumbe anacheka, anacheka huku mdomo umevimba upande mmoja, hawezi kujizuia.

"Tangu azaliwe hajawahi kukimbia," akasema. "Hata basi la shule lilikuwa linamwacha."

"Basi leo ameanza."

Kicheko kikaisha vibaya, kikageuka kilio kilichokuwa chini yake. Baada ya kulia akasema, "Hujaniuliza hata jina langu, dada."

"Sina haja. Nimelisikia asubuhi nzima. Ramilaben shika mkoba. Mama leta maji. Mama sogea, unaingia kwenye picha."

Ramilaben aliuvuta mguu wake mmoja uliokuwa umekunjika na kuuma, na Malati, akigunaguna, akasogea kumpa nafasi. Wakalala hivyo, mgongo kwa mgongo, wamelowa jasho, kwenye kitanda alicholala mtawa fulani ambaye hakuna tena anayemjua.

"Usiku ukilala peke yako," Ramilaben akauliza, "huogopi?"

"Naogopa kulala na wanaokoroma."

"Mimi nakoroma."

"Naona dalili."

Mchana ulikuwa umeinama walipokuja walinzi wa msitu na moshi wao, wamevaa magunia. Wakawatoa, wakawapakia kwenye gari hadi zahanati ya kijiji, ambako familia yote ya Surat ilikuwa imejaa ukumbini, imevimba hapa na pale, ikinywa chai. Kulikuwa na kijana wa chaneli ya habari ya wilayani na simu yake, na mbele ya simu hiyo alikuwa Ketan.

"Nilirudi kumtafuta mama," alikuwa akisema. "Nyuki wamejaa kila mahali, lakini mama ni mama. Nikamsukuma ndani ya pango, nikamwambia, mama, tulia hapa, mimi nakwenda kuleta msaada."

Alimwona mama yake ameletwa kwenye kiti cha magurudumu. Hakupepesa. "Si ndivyo, mama?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Ramilaben. Malati naye akageuka, kwa jicho moja lililokuwa bado linafunguka. Ramilaben akamtazama mwanawe, akaitazama simu, akaiangalia chai iliyokuwa mkononi mwa mkwe.

"Ndivyo, mwanangu," akasema, akaitikia kwa kichwa.

Malati akasonya. Mahakamani angalau walikuwa wanaapa kwanza.

Muuguzi alimtoa miiba kwa kibanio, akamdunga sindano, kisha akadai mtu wa kumpokea. Amepigwa na nyuki wengi, lazima jamaa aweke sahihi ndipo aruhusiwe kutoka.

"Nitaweka mimi."

"Mgonjwa hajitoi mwenyewe, mama. Mume? Mtoto? Kaka?"

"Nimeishi miaka yote hii bila kuwekewa sahihi."

"Basi utalala hapa."

Malati aliitazama wodi. Ilikuwa na vitanda vinne, na vitatu vilikuwa vya familia ya Surat. Akahisi kitu alichokuwa hajakihisi muda mrefu, kwamba anaweza kulia, na kwamba wao watamwona. Hapo mlango ukafunguliwa akaingia Pandurang, bila miwani, jicho moja limefumba kama lake.

"Mama mdogo! Nimekutafuta kila mahali!" akasema kwa nguvu. Akamgeukia muuguzi. "Huyu ni mama yangu mdogo. Dada wa mama yangu, tumbo moja. Wapi niweke sahihi?"

Muuguzi akamwuliza Malati, "Huyu ni mpwa wako?"

Masikio yake yote ya kizimbani yaliusikia uongo ule, mnene, hauna aibu. Aliufikiria kwa muda ambao muuguzi alianza kuona ni mrefu.

"Ndiye," akasema. "Mjinga tangu utoto."

Nje, Pandurang alitabasamu kadiri mdomo ulivyomruhusu. "Umeona, mama mdogo? Mara nyingine—"

"Usiseme kitu," Malati akamkata. "Uliona kamera inarushwa ukageuka kuangalia mto. Ulikuwa wa kwanza kufika getini. Sahihi moja haikusafishi." Akaenda zake. Lakini hakumwambia aende akaifute, na jambo hilo lilimkera usiku kucha, yeye na uso wake uliovimba, kwenye chumba cha Waman.

Asubuhi alikuwa stendi, anangoja basi la kwenda hekalu la Shiva lililo upande wa pili wa milima. Magari ya Surat yakasimama ng'ambo kununua maji. Ramilaben akateremka, akavuka barabara polepole peke yake, huku Ketan akimwita nyuma, "Mama, unakwenda wapi? Tunachelewa!"

Akasimama mbele ya Malati. Hakutaja zahanati. Malati pia hakuitaja.

"Unakwenda wapi sasa?"

Malati akamwambia.

"Na wanakupa chumba? Hivi hivi, peke yako?"

"Wananikatalia kwanza. Halafu wanachoka."

Ramilaben akageuka akayatazama magari, kisha akasema haraka, kama mtu anayemwaga kitu kabla hakijamwagika chenyewe, "Nichukue, dada. Mizigo yangu ni midogo. Sitakuuliza maswali. Nitakaa nje ukiwa ndani."

Malati aliona kwamba anasema kweli. Ndilo neno la kwanza la kweli alilolisikia tangu ashuke Tulsikhed, na lingemfurahisha kama lisingekuwa linamtaka kitu.

"Hapana," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nikikuchukua sitakuwa peke yangu. Na wewe huwezi kwenda peke yako kwa kunishika mkono mimi. Ukitaka kwenda, basi linakuja sasa hivi, lina milango kama mabasi mengine."

Uso wa Ramilaben ukawa mwekundu hadi penye vivimbe. "Una roho mbaya," akasema. "Nyuki walikuuma bure."

"Hilo nililijua nilipokuwa nakuvuta."

Ramilaben akavuka kurudi. Kwenye gari la kwanza mkwe alikuwa ameshakaa mbele, kando ya Ketan, anajipaka mafuta mdomoni. Ramilaben akafungua mlango ule.

"Shuka."

"Mama?"

"Nimesema shuka. Kaa nyuma na watoto. Magoti yangu yanauma."

Mkwe akamtazama mumewe, mumewe akautazama usukani. Akashuka. Ramilaben akajipenyeza, akafunga mlango kwa kishindo, wakaondoka bila yeye kugeuza shingo.

Basi jekundu likaja. Malati alifika kwenye hekalu saa ya jua kali, akamwagiwa na kuhani maneno mengi, kwamba mwanamke aliyevimba uso lazima ana mume mkali, akampita kama mtu anayepita mbuzi mlangoni. Ndani kulikuwa kama alivyotaka: nguzo zilizochongwa tembo, ubaridi chini ya nyayo, popo wachache. Akaketi. Akala chapati ya mtama na kitunguu. Ilipaswa kuwa siku nzuri.

Lakini kila alipotulia mbele ya tembo, alimwona yule mwanamke mnene akivuka barabara kwa magoti yake mabovu, na alilazimika kumtimua kichwani kama inzi, na akarudi, na akamtimua tena. Jambo hilo lilimwudhi mno. Alibaki mle hadi walipokuja kufunga, akiwa na hasira na Ramilaben, na Ketan, na mkwe, na kwa kiasi kidogo, ambacho hakukichunguza, na yeye mwenyewe.

Aliendelea kusafiri kila majira ya baridi hadi magoti yake nayo yalipogoma. Nyumbani kwa kaka yake alisimulia habari ya nyuki mara moja tu, kwa kifupi, na walipomwuliza yule mama aliyemwokoa alikuwa nani, alisema alikuwa mtu wa Surat, mwenye maneno mengi, na anayecheka vizuri.